Ubao Uliokosa Mfutaji

Walimu wenzangu vijana, mwezi uliopita nilipostaafu na kurudisha ufunguo wa stoo, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu ni kitu gani kilinitia hofu kuliko vyote katika kazi hii. Nikamjibu, kitambaa cha kufutia ubao. Mkacheka, mkadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Basi nimekaa hapa nyumbani Kibaha, sina kengele ya kunikatiza, niwaeleze habari ya kitambaa hicho. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliolipwa havimo humu. Hayo kamuulizeni karani wa bomani, anayapenda kuliko mimi.

Nilianza kazi katika shule moja ya serikali kule Kisarawe, miaka michache kabla ya Vita vya Pili. Nilipanda kile kilima kutoka Pugu sanduku la bati kichwani na viatu mkononi, maana vilikuwa vipya na nilitaka vifike vikiwa vipya. Jinsi nilivyokuwa na furaha! Njiani nilikuwa nasomesha miti. Nikiuona mkorosho nauita Hamisi, nauuliza saba mara nane.

Mwalimu mkuu pale alikuwa Mwalimu Yohana, Mkristo wa kutoka bara, mrefu, asiyepandisha sauti hata siku moja. Yote ninayoyajua nimeyapata kwake. Alinifundisha kuandika ubaoni nikiwa nimesimama ubavu. "Kondo," aliniambia, "darasa ukilipa mgongo, na lenyewe litakupa mgongo." Alinifundisha kuvunja chaki mpya vipande viwili ili isipige kelele. Akanifundisha pia kutengeneza ubao, kwa sababu mbao za kiwandani zilikuwa hadithi za mjini. Unachukua masizi ya vyungu, unayakanda kwa uji wa muhogo, unapaka juu ya mbao zilizorandwa, unaanika kivulini siku tatu, unapaka tena. Ukikauka ni mweusi wa kupendeza, ila usiuonyeshe maji.

Na alinifundisha kanuni ya dini. Shule zile zilikuwa za serikali, na serikali kwa sheria yake haikuwa ya msikiti wala ya kanisa. Dini iliruhusiwa kwa kipindi maalumu, wazazi wakitaka, na ifundishwe na mtu waliyemchagua wenyewe. Mwalimu wa serikali asiitie mkono. Mwalimu Yohana aliishika kanuni hiyo kwa jembe. Kipindi cha dini kikianza anatoka, anakwenda kupalilia muhogo wa shule mpaka kiishe. Shamba letu halikuwahi kuona magugu. Nilipomuuliza kwa nini asikae ofisini tu, alisema ofisi iko karibu mno, na masikio yake hayana mlango.

Baada ya miaka miwili nikapelekwa kufungua shule mpya katika kijiji kimoja kati ya Misugusugu na Mlandizi. Sitakitaja jina, maana wajukuu wa watu hawa wako hai na wanajua kucheka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimepewa shule yangu mwenyewe! Jengo la udongo na makuti, madawati sita, na ubao mmoja ambao nilipaswa kuupaka mimi. Nikapita nyumba kwa nyumba kukwangua masizi kwenye vyungu vya watu. Wengine walifikiri serikali imeanza kutoza kodi ya masizi. Aliyenipa mengi kuliko wote ni Bi Tausi, mwenyeji wangu, bibi mjane aliyenipa chumba na kunilisha kama mwanawe. Mjukuu wake Shabani ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, na hapohapo nikamfanya kiranja, maana hakuwa na mpinzani.

Wanafunzi wote walikuwa tisa. Kijiji kizima cha Waislamu, watoto tele, na mimi nina tisa! Wazee walikuwa na neno lao: shule ya serikali huingia na kofia na kutoka na msalaba. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Kisarawe, nimesoma chuo cha Kurani kama wao, nikahitimu. Haikusaidia. Bi Tausi ndiye aliyenifumbua macho.

"Mwanangu, weye shida yako ile kaptula," alisema.

"Ndiyo sare ya walimu, Bibi."

"Sare gani ya kutembeza magoti? Miye nakujua unasali. Wao wanayaona magoti tu."

Na Bwana wa elimu alikuwa ameniandikia wazi: siku ya ukaguzi mkaguzi akikuta wanafunzi hawajatimia ishirini, shule inafungwa, vifaa vinahamishwa. Ukaguzi ulikuwa baada ya mavuno. Nilikuwa silali vizuri. Ile shule niliipenda, jamani, nilipenda mpaka harufu ya makuti yake mapya.

Watoto niliowataka walikuwa kwa Maalim Abeid. Chuo chake kilikuwa barazani kwake, mwendo mfupi kutoka kwangu, na nilikuwa nawasikia zaidi ya thelathini wakisoma kwa sauti huku mimi na tisa wangu tukinong'ona jedwali la tatu. Nikavaa kanzu, nikaenda.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Karibu kitako."

"Nimekuja kukuomba uje ufundishe dini shuleni. Kanuni inaruhusu."

"Shule ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali inasali wapi?"

"Serikali haisali, Maalim."

"Ndiyo nikupe watoto wakae siku nzima na mtu asiyesali?"

"Mimi nasali. Ijumaa iliyopita nilikuwa safu ya pili nyuma yako."

"Nilikuona. Na asubuhi yake nilikuona pia, magoti nje." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Nitakuja Alhamisi moja, watoto wangu wakiwa na mapumziko. Nikiona jambo nisilolipenda, naondoka na hata hao tisa."

Alhamisi hiyo sitaisahau. Kijiji kizima kilikuja. Akina mama walijaa madirishani, wazee wakakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, na watoto wa chuo wakasongamana mlangoni. Mimi, kwa kumfuata Mwalimu Yohana, nilichukua jembe nikatoka, ila nililima mita mbili tu kutoka dirishani, kwa sababu mimi si Yohana.

Maalim alikuwa hajawahi kushika chaki. Akaigeuzageuza, akainusa, akasema Bismillahi, akaanza kuandika Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kutoka kulia. Nilisahau jembe. Mkono ule ulikuwa umeandika kwa kalamu ya mwanzi miaka arobaini, na sasa umepata uwanja mpana! Herufi zilikaa juu ya ule weusi kubwa, nyeupe, zimenyooka, mpaka zikajaza ubao wote. Nje watu wakasema Mashaallah. Bi Tausi alikuwa analia dirishani bila aibu yoyote. Nilijisikia kuruka. Nilijua nimeshinda.

Kipindi kikaisha, Maalim akaenda zake, watu wakatawanyika. Nikaingia darasani nikiwa natabasamu peke yangu, nikamwambia Shabani afute ubao tuanze hesabu. Shabani akachukua kitambaa. Akautazama ubao, akakitazama kitambaa. Akakirudisha mezani polepole, akaficha mikono nyuma.

"Siwezi, Mwalimu."

Nikakichukua mwenyewe kwa hasira. Nikasimama mbele ya ubao, na mkono haukunyanyuka. Kitambaa kile kilikuwa kimefuta madawati, vumbi, na asubuhi hiyo kinyesi cha kuku. Nami nimelelewa chuoni. Aya hazifutwi kwa tambara, unga wake ukaanguka chini ukakanyagwa. Ubao wa chuo huoshwa kwa maji safi, na maji yake hukingwa na kumwagwa mahali pasipopita miguu. Hilo kila mtoto wa pwani analijua kabla ya kujua kufunga kifungo. Maalim na mimi tulikuwa tumepanga mambo yote ya kuandika. Hakuna aliyekumbuka kufuta.

Basi tumia maji, mtasema. Nilijaribu. Nilichovya kidole, nikagusa pembe ya ubao pasipo na maandishi, kikarudi cheusi tii. Masizi na uji wa muhogo! Nikiuosha, sina ubao, na kuupaka upya kunataka wiki nzima. Nikiufuta kwa kitambaa, kabla ya adhuhuri kijiji kizima kitasema serikali imefuta Alhamdu. Na kama mambo hayajatosha, alasiri ileile Maalim alipata habari ya msiba wa kaka yake Bagamoyo, akaondoka.

Wazazi walikuwa wamefurahi, lakini wakasema wangoje Maalim arudi aseme neno. Wanne tu ndio waliokuja, tukawa kumi na tatu. Ijumaa tarishi wa jumbe akaniletea barua: mkaguzi anakuja Jumatano.

Jumamosi kabla ya alfajiri nilishika njia kwenda Kisarawe. Nilifika vumbi hadi nyusi. Mwalimu Yohana alinisikiliza mpaka mwisho, uso hautikisiki, kisha akacheka hadi akakaa chini kwenye ngazi. Sijamwona akicheka hivyo tena. Alipopata pumzi alisema:

"Mimi nikiufuta, watasema Mkristo. Wewe ukiufuta, watasema serikali. Afute aliyeandika."

"Yuko matangani Bagamoyo, Mwalimu."

"Mpelekee salamu. Na Jumatano akiwa hajafika, usiguse. Fundisha mchangani ukibidi. Shule ikifungwa kwa kukosa ubao, utafungua nyingine. Ikifungwa kwa kufuta aya, hutafungua tena wilaya hii nzima."

Nikarudi. Nikapeleka salamu kwa dereva wa lori wa Mlandizi aliyekuwa anakwenda Bagamoyo, nikaomba Mungu. Jumatatu na Jumanne tulifanya hesabu mchangani nje. Kuku walipita juu ya majibu yetu yote.

Jumatano saa tatu mkaguzi akashuka garini. Mzungu mwembamba, Kiswahili chake safi cha kitabuni. Akahesabu vichwa: kumi na tatu. Akaandika. Akaingia, akauona ubao, akavuta kiti akakaa mbele yake. Madirisha yalikuwa yameshajaa akina mama, na mlangoni watoto wa chuo.

"Mwandiko mzuri sana," alisema. "Sasa futa, mwalimu, nione somo la hesabu."

"Siwezi kuufuta, Bwana." Nikamweleza yote, kitambaa, maji, masizi. Kila neno nililosema lilizidi kuonekana la kijinga.

"Kwa hiyo shule ya serikali imesimama siku sita kwa sababu ya kitambaa?"

"Ndiyo, Bwana."

Akainuka, akachukua kile kitambaa mezani, akakwenda ubaoni. Niliona vizuri kwamba mkono ule ukigusa ubao, hakuna mtoto wa kijiji kile atakayerudi kwangu.

"Bwana!" Ilikuwa sauti ya Bi Tausi dirishani. "Kwenu hakuna kitabu mnachokishika kwa mikono miwili?"

Mzungu akasimama. Akageuka kumtazama yule bibi, na yule bibi hakuinamisha macho. Masikio ya mkaguzi yakawa mekundu. Akakirudisha kitambaa mezani, akajifuta vumbi mikononi, akakaa.

"Kipo," alisema. "Tutangoja."

Tukangoja! Mkaguzi wa serikali, mimi, watoto kumi na watatu na ule ubao. Sijui ilikuwa saa nzima au robo. Ndipo tukasikia lori barabarani, na baada ya muda Maalim Abeid akaingia, kanzu yake imekuwa rangi ya udongo. Hakuuliza lolote. Aliagiza maji safi na beseni la Bi Tausi ambalo halijatumika. Akapandisha mikono ya kanzu, akasema Bismillahi, akaanza kuosha, maji yakiteremka ndani ya beseni.

Yaliteremka meusi. Herufi zilitoka, na ubao ukatoka pamoja nazo. Maalim akaosha, akaosha, weusi ukampanda hadi viwikoni, mpaka ukabaki ubao mtupu wa mninga. Akajitazama mikono.

"Mwalimu Kondo. Ubao gani huu?"

"Ni masizi, Maalim."

"Masizi ya nini?"

"Ya vyungu."

"Umeniandikisha Alhamdu juu ya masizi ya vyungu?"

Hapo nilikata tamaa, nawaambieni kweli. Ila Bi Tausi alikuwa na jibu.

"Vyungu vyetu, Maalim! Na futari unayoisifu kila mwaka hupikwa humo."

Mmoja wa akina mama akaguna, mwingine akapasuka, na kicheko kikazunguka madirisha yote kikaingia ndani. Maalim alijaribu kukaza uso. Ndevu zilimsaliti, zikaanza kutikisika, naye akacheka akiwa ameinua mikono yake myeusi hewani. Hata mkaguzi alicheka, ingawa sidhani alijua futari ni nini.

"Sasa hesabu wataandika wapi?" mkaguzi akauliza.

Maalim akautazama ule ubao mtupu, akawatazama watoto wangu, kisha akawageukia wale wa kwake waliosongamana mlangoni.

"Nendeni chuoni mkalete mbao zenu," alisema. "Na wino. Mtaandika upande ulio mtupu."

Walivyotimka! Vumbi lilipanda. Wakarudi wote, thelathini na ushei, kila mmoja na ubao wake kifuani, na kwa kuwa mbao ni zao, wakaingia nazo. Madawati hayakutosha, wakakaa chini mpaka miguuni pa mkaguzi. Mimi nilipaza sauti: minazi sabini na miwili, wagawane ndugu sita, kila mmoja apate mingapi? Kalamu za mwanzi zikaanza kukwaruza. Shabani alikuwa bado anahesabu vidole pale msichana mmoja wa chuo, Mwanaidi, aliposimama akanyanyua ubao wake. Ameandika kumi na mbili, kwa tarakimu za Kiarabu.

"Uko darasa la ngapi?" mkaguzi akamuuliza.

"Siko darasa. Mimi wa chuoni."

"Nani amekufundisha kugawanya?"

Mwanaidi akamtazama Maalim, na Maalim akajibu badala yake. "Nawafundisha mirathi, Bwana. Asiyejua kugawa atawadhulumu mayatima."

Jamani! Miezi yote ile nilikuwa naumiza kichwa jinsi ya kuipeleka hesabu katika kijiji hicho, na hesabu ilikuwepo barazani, mwendo mfupi kutoka kwangu, inakaa kitako na kalamu ya mwanzi. Sikuwa nimeuliza hata mara moja. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Mkaguzi akahesabu vichwa upya. Akafika mwisho, akafungua daftari lake, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wote ni wa kwako?"

Nilitaka kusema ndiyo. Shule yangu ilikuwa ndani ya neno hilo moja. Lakini hawakuwa wangu, na aliyekuwa nao alisimama pale anakausha mikono kwa upindo wa kanzu, ananitazama. Nikamgeukia.

"Ni wetu," akasema Maalim Abeid. "Waandike. Asubuhi kwangu, baada ya hapo kwake. Na Alhamisi mimi hapa."

Mkaguzi akaandika. Nilimwona akiifuta ile kumi na tatu kwa mstari mmoja wa kalamu. Akaahidi kutuletea rangi ya ubao ya kopo, isiyoogopa maji, nayo ikaja kweli, jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kazi halikutokea mara nyingi.

Gari lake lilipoondoka, Maalim akachukua beseni lile la maji meusi kwa mikono miwili, akaelekea nyuma ya chuo chake, kwenye shina la mstafeli, mahali pasipokanyagwa. Watoto wakamfuata. Mwanaidi akamshika upindo wa kanzu.

"Maalim, na hesabu je? Tuzifute kwa kitu gani?"

Mmoja alikuwa ameshatema mate kiganjani, tayari kusugua. Maalim akamzuia mkono. Akauchukua ubao wa Mwanaidi, akautazama upande mmoja wenye aya, akaugeuza upande wa pili wenye ile kumi na mbili.

"Kwa maji safi," alisema. "Na zimwageni hapahapa."

Wakapanga mstari, kila mtoto na ubao wake na hesabu yake, na mimi, mwalimu wa serikali mwenye magoti nje, nikaenda kusimama nyuma ya mtoto wa mwisho.